Kujitolea Katika Kikosi cha Ardhini cha Puto la Hewa Moto

Kila mwezi wa Oktoba, mji wa Albuquerque katika jimbo la New Mexico nchini Marekani huandaa tamasha la siku tisa ambalo lilianza mwaka 1972 kwa maputo 13 yaliyorushwa kutoka uwanja wa kuegeshea magari wa jumba la maduka, na ambalo siku hizi hukusanya mamia ya maputo. Kila puto huhitaji watu kadhaa wa kulitandaza, kulijaza hewa, kulifuata kwa gari na kulikunja, na kwa kuwa marubani wanaotoka mbali hawawezi kusafiri na kikosi kizima, waandaaji huandikisha watu wa kujitolea. Mwongozo huu unamlenga msomaji anayeishi Marekani au anayepanga kufika huko, maana Serengeti na Maasai Mara kazi hiyo hufanywa na waajiriwa wa kampuni za utalii.

Jiandikishe miezi kadhaa kabla ya tamasha. Uzoefu hauhitajiki, ila uwe tayari kuamka usiku wa manane kwa siku mfululizo, kwa sababu maputo huruka karibu na macheo, wakati hewa imetulia. Jua likishapasha ardhi, hewa huanza kupanda ovyo na upepo hukosa kutabirika. Uwanja uko takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na baridi ya alfajiri ni kali, hivyo vaa nguo kadhaa utakazoweza kuzipunguza kadiri asubuhi inavyosonga. Ziwe za pamba au sufu, kwani nailoni ikipatwa na moto huyeyuka na kugandamana na ngozi. Viatu vifunike mguu wote, nywele ndefu zifungwe, na glavu ziwe za ngozi.

Kabla ya yote, rubani hurusha kiputo kidogo chenye gesi ya heli na kukitazama kinavyopeperuka, apate kujua upepo wa kila kimo unaelekea wapi. Akiridhika, kikapu cha henzerani hulazwa ubavu na kufungwa kwenye gari kwa kamba yenye kifungulio cha haraka, kisha kitambaa cha puto hutolewa mfukoni na kutandazwa kuelekea kule upepo unakokwenda. Usikikanyage. Watu wawili hushika mdomo wa puto na kuutanua huku feni kubwa ya petroli ikisukuma hewa baridi ndani, na hapo ndipo rubani huwasha kichomeo cha gesi ya propeni. Ukipewa nafasi hiyo ya mdomoni, simama imara, egemea nyuma na ugeuze uso pembeni, kwa maana mwali hupita karibu na mikono yako na kishindo chake humshtua kila anayekisikia kwa mara ya kwanza.

Upande wa pili kabisa yupo mtu wa kamba ya kileleni, ambaye kwa maoni yangu ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote. Huivuta kamba kwa uzito wake wote ili puto lisiinuke kwa pupa wala kuyumba, na hulifuata taratibu kadiri linavyosimama. Kamba hiyo isizungushwe kamwe mkononi wala kiunoni. Kanuni hiyohiyo humhusu anayeambiwa aegemee ukingo wa kikapu kukizuia: rubani akisema achia, achia papo hapo, na ukihisi nyayo zinaacha ardhi, achia hata kabla hujaambiwa. Kosa la kung’ang’ania kwa nia njema limewahi kugharimu maisha, kwa sababu puto lililopunguziwa uzito hupanda upesi, na aliyening’inia hujikuta juu mno kuweza kuruka chini.

Katika uwanja wa Albuquerque, ruhusa ya kuondoka hutolewa na wasimamizi wanaovaa mavazi ya mistari myeusi na myeupe, ambao kila mtu huwaita pundamilia. Baada ya hapo kazi huhamia barabarani. Asubuhi nyingi upepo wa chini hufuata bonde la mto Rio Grande kuelekea kusini, na ule wa juu hurudi kaskazini, kwa hiyo rubani stadi anaweza kubadilisha kimo na kutua karibu na alikoondokea. Usitegemee bahati hiyo. Dereva atazame barabara, mwingine atazame angani na kuzungumza na rubani kwa redio, na sheria za barabarani zifuatwe kana kwamba hakuna puto. Kabla ya kuingia katika shamba au kiwanja cha mtu, omba ruhusa kwa mwenyewe, na kila lango liachwe kama lilivyokutwa.

Hatari kubwa kuliko zote ni nyaya za umeme. Puto likizigusa, usilisogelee wala kugusa kikapu au kamba yoyote mpaka shirika la umeme lithibitishe kwamba umeme umekatwa, hata kama waliomo wanakuita.

Puto likitua salama, shikeni kikapu mpaka rubani amalize kutoa hewa, kisha kikamueni kitambaa kuanzia mdomoni kuelekea kileleni na kukirudisha mfukoni. Abiria usimruhusu kutoka bila kauli ya rubani, kwani uzito wake ukipungua ghafla puto linaweza kunyanyuka tena. Mitungi hujazwa gesi siku hiyohiyo. Wakati huo zima simu, usivute sigara, na ukae mbali kama hujapewa kazi. Marubani wengi humrusha msaidizi wao mara moja kabla ya tamasha kwisha, lakini ni ustaarabu kungoja uitwe, na siku ya kwanza si siku ya kuuliza.