Taa ya kinyonga: pima hadi mgongoni, si hadi tawini

Kinyonga akianza kupinda miguu, au taya likilegea kama mpira, wengi hukimbilia kubadilisha chakula. Angalia taa kwanza. Bila mionzi ya UVB, ile sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho, ngozi haitengenezi vitamini D3, na kalsiamu unayowapaka wadudu inapita bure. Funga tyubu ya UVB ya T5 (taa ndefu nyembamba), yenye nguvu ya 6% kama ilivyoandikwa juu yake, juu ya wavu wa kizimba, kisha weka tawi la kuotea joto ili mgongo wa mnyama, si tawi, uwe sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye taa; akisimama tu, sentimita kadhaa zimeshaliwa. Kioo au plastiki katikati huzuia karibu UVB yote. Badilisha tyubu kila mwaka hata kama bado inawaka: mwanga hubaki, mionzi hufifia.

Taa ya joto iwe kando ya tyubu hiyo. Kwa kinyonga wa Yemen aliyekomaa, nyuzi 29 hivi za Selsiasi tawini zinatosha. Washa taa kwa muda wa saa 12 kila siku, usiku giza kabisa. Zile taa nyekundu za usiku ni hasara tupu.

Kizimba kiwe cha wavu, sentimita 60 kwa 60, kimo 120.