Ukipata kazi ya ualimu Oman we mtu wa Tanga, anza na haya

Wa Ngamiani wenzangu, ukifika Muscat kwanza zoea wiki yao, shule ni Jumapili mpaka Alhamisi, mapumziko Ijumaa na Jumamosi, mi Jumapili ya kwanza nilikuwa nimelala fofofo simu ya mkuu wa shule ndo ikaniamsha, aibu yake we acha tu! Halafu ratiba ikisema 7:00 hiyo ni saa moja asubuhi, geuza kichwani kila siku mpaka uzoee. Nguo beba za pamba, joto la Juni kule la Tanga cha mtoto. Kiswahili utakisikia madukani, utafurahi. Ukimpigia mama kumbuka wako nyuma saa moja, huku saa nne usiku kwao saa tatu.