Nunua Iliyokufa Ikiwa Kamili: Pikipiki za Kizamani za Kijapani kwa Aliye Ughaibuni

Pikipiki yangu ya kwanza ya kizamani niliinunua kwa macho. Ilikuwa Yamaha RD250 ya miaka ya 1970, nyekundu, tangi linang'aa kiasi cha kujitazamia ukinyoa ndevu, na muuzaji alikuwa mcheshi kweli. Nilipofika nayo nyumbani Leicester, Uingereza, ndipo nikaanza kuhesabu. Kabureta zilikuwa za pikipiki nyingine. Pampu ya oili imetolewa, tundu lake limezibwa kwa kipande cha bati. Kava la cheni hakuna, vifuniko vya ubavuni hakuna, kadi hakuna. Rangi ile nzuri ilikuwa ya makopo ya kupuliza, ukiikwangua kwa ukucha inatoka. Mwaka mmoja na ushee nikawa nimelipia vilivyokosekana zaidi ya nilivyolipia pikipiki yenyewe, na mwisho nikaiuza kwa hasara.

Ya pili, Honda CB200, niliikuta imelala ndani ya banda la bustani la mzee mmoja, imelala miaka zaidi ya 20. Injini imekwama, matairi yamepasukapasuka, panya wamefanya siti kuwa wodi ya wazazi. Lakini kila bolti ilikuwapo, hadi ule ukanda mweusi wa raba unaopita juu ya tangi, kitu ambacho CB200 nyingi zilishakipoteza. Kadi ilikuwa kwenye droo ya jikoni, jina la mzee mwenyewe. Nikatoa pauni 450 bila kuomba punguzo. Ndiyo ninayoendesha leo.

Kilichochakaa kinatengenezwa. Kilichokosekana kinasakwa, na kusaka ndiko kunakokula pesa na miezi. Ukiwa na mia tano mfukoni, chagua iliyokufa ikiwa kamili, uiache inayonguruma ikiwa nusu.

Sasa uchague ipi? Majina makubwa utayasikia kila kona. Honda CB750 Four ya 1969, silinda nne, sisi (cc, ukubwa wa injini) 736, breki ya diski mbele, ndiyo iliyowashtua Waingereza na pikipiki zao za silinda mbili zinazovuja oili. Kawasaki Z1 ikafuata mwaka 1972 na sisi 903. Suzuki GT750 ilikuwa tustroki, yaani injini inayounguza oili pamoja na petroli, ya silinda tatu inayopozwa kwa maji, na Waingereza wakaibandika jina la birika. Zote ni tamu, na zote bei yake imeshapaa. Kwa aliye na kazi ya zamu, watoto wawili na familia nyumbani inayosubiri M-Pesa, mimi namwambia aanzie chini.

Na huko chini sisi tuna faida ambayo Mzungu hana. Honda CG125 ya 1976 iliundwa kwa ajili ya nchi kama zetu, mahali ambapo oili inabadilishwa Mungu akipenda. Badala ya cheni ndogo ya kuzungushia kamshafti juu ya kichwa cha injini, wakatumia fito za kusukuma valvu. Wachina wakaipenda injini hiyo wakainakili, ndiyo maana injini za bodaboda nyingi za Kichina ni wajukuu wa CG. Fundi yeyote wa kijiweni Morogoro au Kisii anaweza kuifungua gizani. Halafu kuna Honda C50, C70 na C90, ukoo wa Super Cub ulioanza mwaka 1958 na kuvuka milioni 100 mwaka 2017. Na kama ulikulia kijijini, unazikumbuka Yamaha DT na AG100 na Honda XL125: pikipiki za bwana shamba, za watu wa chanjo, za padri. Ukiiona DT175 inauzwa, tahadhari moja tu: ni tustroki, na sili za krenki hukauka ikilala muda mrefu. Inaweza kuwaka vizuri mbele yako leo, wiki ijayo ikaanza kunyonya hewa na kujichoma pistoni. Weka pembeni hela ya kubadilisha sili kabla hujainunua.

Karatasi kwanza, injini baadaye

Nazungumzia Uingereza kwa sababu ndiko niliko. Kadi ya usajili huku inaitwa V5C, na jambo ambalo wengi wetu hatulijui ni kwamba si hati ya umiliki. Yenyewe imeandikwa hivyo. Inaonyesha anayetunza chombo tu, kwa hiyo dai risiti iliyosainiwa, yenye tarehe, bei, namba ya fremu na namba ya injini.

Ukifika kwa muuzaji, piga magoti. Namba ya fremu ya pikipiki nyingi za Kijapani imegongwa kwenye shingo, pale usukani unapoingilia; ya injini iko kwenye mwili wa injini. Linganisha na V5C tarakimu kwa tarakimu. Pitisha kidole pembeni ya namba. Kama chuma kimesagwa, au rangi ya hapo ni mpya kuliko sehemu nyingine, aga kwa heshima uondoke. Usione aibu, kwetu ukinunua ng'ombe unamfungua mdomo.

Kadi ikikosekana, haijawa mwisho wa dunia, ila bei lazima ishuke. Kama namba bado iko kwenye mfumo wa DVLA, mamlaka ya usajili wa magari, unaomba V5C mpya kwa fomu V62. Kama ni namba ya zamani ambayo haikuwahi kuingizwa kwenye kompyuta, kuna utaratibu wa V765 wa kuirudisha, lakini lazima uwe na ushahidi wa maandishi unaoiunganisha namba hiyo na fremu yako. Kama pikipiki iliingizwa kutoka nje, na nyingi zililetwa kutoka Marekani, uliza kama ushuru ulishatangazwa kwa HMRC, mamlaka ya mapato, kwa mfumo wa NOVA. Bila NOVA hakuna usajili. Vilabu husaidia hapa: Vintage Japanese Motorcycle Club hutoa barua ya kuthibitisha umri wa pikipiki, nayo DVLA hukupa namba inayoendana na mwaka wake. Ada ya uanachama inajilipa kwa barua hiyo moja.

Ikishatimiza miaka 40, pikipiki inaweza kuingizwa daraja la vyombo vya kihistoria. Kodi ya barabara inakuwa sifuri, ingawa bado unatakiwa kuikatia kila mwaka, na ukaguzi wa MOT haulazimiki kama haijabadilishwa sana. Unapeleka V5C na tamko la V112 kwenye tawi la posta linaloshughulikia kodi za magari. Kwa wa London kuna utamu zaidi: chombo cha daraja hilo hakilipi ULEZ, tozo ya vyombo vinavyochafua hewa. Mimi bado naipeleka MOT kwa hiari kila mwaka. Jicho la pili kwenye breki nilizofunga mwenyewe saa tano usiku silioni kuwa hasara.

Leseni ya nyumbani inakubalika kwa miezi 12 tangu uwe mkazi, kwa daraja lililoandikwa ndani yake. Leseni za Kenya, Tanzania na Uganda hazibadilishwi moja kwa moja kuwa ya Uingereza, unaanza upya. Mafunzo ya siku moja ya CBT yanakuruhusu kuendesha hadi sisi 125 kwa miaka 2, ukiwa na vibao vya L. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kupenda CG na C90. Daraja A2, la pikipiki za nguvu ya wastani, linaanzia miaka 19, na A kamili, la pikipiki yoyote, kwa mtihani wa moja kwa moja ni miaka 24.

Ndugu wa Ujerumani, chombo chenu kinapata namba yenye herufi H, ya vyombo vya kihistoria, kikifika miaka 30. Marekani, kanuni ya miaka 25 ndiyo inayofungua mlango wa kuagiza kutoka Japani, na Kanada ni miaka 15. Ila Marekani kila jimbo lina sheria zake za hati, kwa hiyo pikipiki isiyo na hati ya jimbo iache kwa wenyeji wanaojua kona zake.

Kazi yenyewe

Kabla ya spana, bisibisi. Skrubu za kichwa cha msalaba kwenye pikipiki za Kijapani ni za kipimo cha JIS, kiwango cha Kijapani, nyingi zina kitone kidogo kichwani. Bisibisi ya kawaida ya Phillips inaingia, inaonekana imekaa, halafu ukikaza inapanda juu na kukwangua kichwa chote. Nilijifunza kwenye kava la klachi: skrubu nane, nikaharibu tano, nikashinda Jumapili nzima natoboa kwa drili. Nunua bisibisi za JIS na ile bisibisi ya kugongwa kwa nyundo. Ni hela ndogo kuliko chochote utakachonunua baadaye.

Injini iliyokwama usiipige kiki. Toa plagi, mimina ndani ya kila silinda mchanganyiko wa oili ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, uache wiki. Kisha weka gia ya juu kabisa na utikise gurudumu la nyuma mbele na nyuma, polepole, bila hasira. Yangu iliachia siku ya tisa. Nilisikia "tk", kama mtu amekanyaga kokoto.

Tangi lenye kutu lisafishe kwa unga wa ndimu, ule ule wa kwenye achari, ambao madukani huku unauzwa kwa jina la asidi ya sitriki. Weka gramu 50 hadi 100 kwa lita ya maji ya moto, jaza, acha siku nzima, mwaga, suuza kwa maji yenye magadi ili kuua asidi, kausha papo hapo na uzungushe oili kidogo ndani. Ukichelewa kukausha hata saa moja, kutu ya rangi ya chungwa inarudi mbele ya macho yako. Na ukijaza petroli, jaza ile ya super yenye alama ya E5. Ya kawaida huku tangu 2021 ni E10, ina ethanoli hadi asilimia 10, na mipira ya kizamani inavimba na kuoza.

Kabureta nilizifungulia mezani jikoni, juu ya gazeti, mama watoto akiwa kazini. Petroli ya zamani ilikuwa imeganda kama gundi ya kahawia yenye harufu ya vanishi. Jeti ndogo, ile inayopitisha petroli injini ikiwa imetulia, tundu lake ni jembamba kuliko sindano, na lilikuwa limeziba kabisa. Usitie waya mgumu wala drili: ukilipanua, umeiharibu. Mimi natumia waya mwembamba kabisa wa gitaa, nazungusha kwa vidole hadi nione mwanga nikiielekeza dirishani. Fungua kabureta moja kwa wakati, ya pili ibaki kama kielelezo.

Iliwaka, lakini ikawa inapanda mzunguko yenyewe na kukataa kushuka. Nikampigia fundi wangu Tanga kwa video.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Sogeza simu karibu na kabureta. Kidogo tena. Haya, inanyonya hewa hiyo. Ile raba ya kabureta, ipake grisi kwa nje uone."

Nikapaka. Mlio ukashuka ukatulia tuli. Raba ilikuwa na mpasuko wa unywele usioonekana mpaka uikunje. Tuliongea dakika nne. Vijana wa klabu walikuwa wameshanishauri ninunue kabureta mpya.

Umeme haupaswi kukutisha. Sehemu kubwa ya matatizo ni ethi yenye kutu na viungo vya waya vilivyoota ukoga wa kijani. Platini za Honda ndogo, zile zinazokata umeme wa plagi, weka nafasi ya milimita 0.3 hadi 0.4, safisha kwa karatasi ngumu, na uwe na kondensa ya akiba. Matairi, hata yakiwa na meno mazuri, soma tarakimu nne ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Yenye miaka 15 yatoe tu.

Spea za Honda nazipata zaidi David Silver Spares kule Leiston, Suffolk, na CMSNL ya Uholanzi kwa Honda, Yamaha, Suzuki na Kawasaki. Jifunze kusoma namba za spea za Honda: fungu la kati ndilo jina la pikipiki. Ukikuta 300 katikati, hicho kilitengenezwa kwa ajili ya CB750. Hilo litakuokoa kwenye magulio ya spea kuukuu kama Kempton Park, ambako kila muuzaji anaapa kuwa kitu chake kinaingia kwenye pikipiki yako.

Kuhusu kuipeleka nyumbani, usiweke ahadi kwa mtu kabla hujazungumza na wakala wa forodha wa bandari husika. Kenya ina ukomo wa umri wa miaka 8 kwa magari yaliyotumika yanayoingizwa, Uganda wa miaka 15, na pikipiki ya 1975 haiwezi kujificha popote katika hesabu hizo. Yangu itabaki Leicester. Nilipomuuliza fundi nimletee nini likizo ya Desemba, nikidhani atataka simu, alisema nilete ile bisibisi ya skrubu zenye kitone.