Namna ya Kusoma Vipimo vya Thairoidi kwa Mtu Mwenye Ugonjwa wa Muda Mrefu

Mtu aliyeugua kifua kikuu, figo au baridi yabisi kwa miezi mingi anaweza kupimwa homoni za thairoidi, ile tezi ya shingoni, akakutwa na T3, mojawapo ya homoni hizo, ikiwa chini ilhali tezi yenyewe ni nzima. Kosa la kawaida ni kukimbilia dawa.

Yafaa kwanza kuelewa chanzo. Tezi hutoa zaidi homoni ya T4, na takriban asilimia 80 ya T3, ambayo ndiyo homoni yenye nguvu, hutengenezwa nje yake, pale vimeng'enya vya ini, figo na tishu nyingine vinapoondoa atomu moja ya iodini katika T4. Mchochota unapodumu mwilini, seli za kinga hutoa saitokaini (protini za kupeana ishara) kama IL-6, TNF-alfa na IL-1, ambazo huchangia kudhoofisha ugeuzaji huo, na sehemu ya T4 huishia kuwa T3 ya kinyume, isiyo na kazi. Saitokaini hizo huathiri pia haipothalamasi katika ubongo, hivyo pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, haipandishi TSH, homoni inayoichochea thairoidi, kama ambavyo ingeipandisha tezi ingekuwa imeshindwa.

Kwa sababu hiyo anza na TSH, si T3. Katika maabara nyingi kiwango cha kawaida kwa mtu mzima ni takriban 0.4 hadi 4.0 mIU/L. T3 ya chini yenye TSH ya kawaida au iliyoshuka kidogo, kwa mgonjwa ambaye CRP yake (kipimo cha mchochota katika damu) iko juu, kwa kawaida hutokana na ugonjwa alionao. TSH inayozidi 20 pamoja na T4 huru (ile isiyoshikwa na protini za damu) ya chini huelekeza kwenye tezi iliyoshindwa kweli. TSH iliyopanda kwa kiasi inahitaji subira, kwani kwa anayepata nafuu hupanda kwa muda, kisha ikashuka yenyewe.

Kisha kagua dawa zote anazotumia, hatua ambayo kwa maoni yangu hurukwa mno. Prednisoloni, dawa ya kutuliza mchochota, kwa dozi kubwa hushusha TSH; heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, huweza kuifanya T4 huru ionekane juu kuliko ilivyo; bayotini, inayouzwa kwa ajili ya nywele na kucha, huvuruga baadhi ya vipimo vya maabara. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huharakisha uondoaji wa T4, kwa hiyo mgonjwa wa kifua kikuu aliyekuwa tayari akimeza levothairoksini, yaani T4 ya vidonge, huenda akahitaji dozi kubwa zaidi. Anayetibiwa kifua kikuu sugu kwa ethionamidi au PAS (asidi ya para-aminosalisiliki) ni suala jingine: dawa hizo huweza kuidhoofisha tezi yenyewe, na TSH yake ifuatiliwe.

Pasipo dalili za hatari, tibu ugonjwa mkuu na urudie vipimo wiki 6 au zaidi baada ya mgonjwa kupona. Katika jaribio la watafiti Brent na Hershman lililochapishwa Marekani mwaka 1986, kuwapa T4 wagonjwa mahututi wasio na ugonjwa wa tezi hakukupunguza vifo. Hata hivyo, aliyeandikiwa levothairoksini zamani asiiache kwa sababu ya maelezo haya, na mgonjwa mwenye mwili baridi, mapigo ya moyo ya polepole na akili iliyochanganyikiwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo.