Vakansi ya kiangazi na familia: Lubumbashi, Likasi mpaka Kolwezi kwa pesa kidogo, hatua kwa hatua

Hapa kwetu Lubumbashi, kusini mwa Kongo (DRC), vakansi kubwa, yaani likizo ndefu ya shule, zinaangukia Julai na Agosti, katikati ya kiangazi, mvua hakuna, barabara kavu, na ndio wakati mzuri wa kuwatoa watoto nje ya parseli (kiwanja cha nyumba). Wazazi wengi wanasema kutembea ni kazi ya wenye pesa, mimi sikubali hata kidogo. Kinachomaliza pesa ni kutaka kufika kila mahali. Shika barabara moja tu, hii ya Likasi na Kolwezi, km 300 hivi kwenda, utapata miji mitatu na maziwa mawili, kwa wiki moja inatosha kabisa.

Hatua ya 1. Chagua tarehe kabla ya kuhesabu pesa
Epuka siku zinazozunguka 30 Juni, sikukuu ya uhuru, mabasi yanajaa na kila mtu anasafiri. Mimi napenda mwisho wa Julai, kwa sababu tarehe 1 Agosti ni siku ya wazazi, ni konje (siku ya mapumziko), asubuhi watu wanaenda makaburini kusafisha makaburi ya wazee wao halafu mchana familia zinakula pamoja. Kama una wazee Likasi panga uwe kwao siku hiyo, watoto watajua walikotoka na wewe utakuwa umelala kwa ndugu bila kulipa hoteli.

Hatua ya 2. Pesa: toa akiba kwanza
Chukua kitabu cha mtoto kilichobaki na kurasa, andika. Tuseme mmekusanya dola 300. Toa 60 hapohapo, mpe mama wa nyumba azifungie, hizo ni za ugonjwa na gari kuharibika, hazinunui soda. Zinabaki 240. Nenda wewe mwenyewe kwenye ajansi za mabasi uulize bei ya kwenda na kurudi, usikubali bei ya simu. Tuseme imefika 110, zinabaki 130, kwa siku sita ni dola 21 na kidogo kwa siku, chakula, kulala na matembezi yote mle ndani. Ukiona hazitoshi kata Kolwezi, baki Likasi, usikate chakula cha watoto.

Na noti zako ziangalie moja moja kwenye mwanga kabla ya kutoka. Noti iliyopasuka kidogo pembeni, au yenye maandishi ya kalamu, muuza samaki atakurudishia, na noti za dola moja karibu hakuna anayezitaka. Vunja sehemu kwa franka mapema, sokoni na njiani ndizo zinazotembea.

Hatua ya 3. Karatasi
Kadi ya mpiga kura kwa wakubwa, cheti cha kuzaliwa kwa kila mtoto, fotokopi zikae kwenye begi lingine. Kama unasafiri na mtoto wa ndugu yako beba barua ya wazazi wake. Kwenye bariere (vizuizi vya ukaguzi barabarani) jibu kwa heshima, simu ikae mfukoni, usipige picha za peaje (vituo vya kulipia barabara), daraja, askari wala migodi.

Hatua ya 4. Anza na mji wako
Siku ya kwanza lala kwako! Wapeleke watoto kwenye zoo na museum ya Lubumbashi, wengi wamezaliwa hapa na hawajawahi kuingia. Waonyeshe pia ile bomba ndefu ya moshi ya Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, na mlima wa mabaki ya shaba, waambie mji huu ulianzishwa 1910 juu ya shaba hiyo. Usiku funga mizigo: masweta, kofia za pamba na blanketi kwa kila mtu. Tuko mita 1200 hivi juu ya bahari, asubuhi ya Julai mtoto anatetemeka, kandokando ya maji ndio zaidi.

Hatua ya 5. Likasi na Tshangalele, hapa kaa sana
Likasi ni km 120 hivi, panda basi ya asubuhi, malori ya shaba ni mengi na usiku barabara hiyo si ya kuchezea. Lipia mtoto mkubwa kiti chake, kumbebea magotini njia nzima mtagombana wote. Ukifika kwa ndugu usifike mikono mitupu, beba unga wa bukari (ugali), sukari na sabuni, na usipitishe siku tatu. Kama huna ndugu, uliza nyumba za wageni za mapadri au masista, mara nyingi ni safi, tulivu na bei inavumilika.

Toka Likasi, kodi gari na familia nyingine mgawane, muende ziwa Tshangalele. Ziwa hili limetokana na bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, maji yake hayana kina kirefu, matete mengi na ndege wa kila namna, kwa watoto ni shule tosha. Fikeni mapema mitumbwi ikirudi. Samaki mfungue mashavu mwenyewe: ndani pakiwa pekundu na jicho limejaa, nunua, pakiwa pa kijivu, acha hata wakipunguza bei. Beba babula (jiko la makaa) na sufuria, makala (makaa) nunua njiani pale wanapopanga magunia, pika sombe (kisamvu) nyumbani jana yake, hapo mtakula bukari na samaki safi kwa pesa ndogo sana. Watoto wasiogelee kwenye matete, kichocho kinapatikana humo, na waulizeni wavuvi wako wapi mamba na viboko.

Shinkolobwe iko karibu na Likasi, ni mgodi uliotoa sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya atomiki ya 1945. Wasimulie watoto, lakini msiende, si mahali pa matembezi.

Hatua ya 6. Kolwezi, usiku mmoja au mbili
Pesa ya migodi imepandisha bei, kwa hiyo msikae. Lengo ni ziwa Nzilo kwenye Lualaba, waambie watoto kwamba maji haya ndiyo mto Kongo unaoanza, yatapita Kisangani na Kinshasa mpaka baharini.

Na Lofoi? Najua wengi mtaniuliza. Ni maporomoko ya zaidi ya mita 300, kule kwenye hifadhi ya Kundelungu, uzuri wake siubishi, lakini yanataka gari la nguvu, na kiangazi kikisonga maji yanapungua sana. Kwa bajeti hii iacheni, kusanyeni pesa muende mvua zikiwa zimetoka kuisha.

Hatua ya 7. Kurudi
Tikiti za kurudi kateni siku mnayofika Kolwezi, kabla hamjanunua kitu kingine. Rudini wiki moja kabla ya shule kufunguka Septemba, na zile dola 60 kama hazijaguswa zinaenda moja kwa moja kwenye madaftari.