Usiizamishe Kariakoo: namna ya kuujenga mji wa chini ya bahari

Mji wangu wa kwanza wa chini ya bahari ulikuwa Kariakoo iliyozama. Niliuandika kwenye daftari ndani ya pantoni, Kigamboni kwenda Magogoni, wiki nzima: papa wanavuta daladala, mama anakaanga vitumbua Mtaa wa Msimbazi. Nikamsomea mpwa wangu. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mjomba, moto unawakaje mle?"

Nililifunga lile daftari. Tangu hapo naanza na maji, watu wanafuata, na ndivyo ninavyokushauri nawe uanze.

Amua kwanza mji wako uko kina gani. Kila mita 10 unazoshuka, maji yanakuongezea mgandamizo sawa na wa hewa yote iliyo juu yetu. Rangi nazo zinazimika, na nyekundu ndiyo inayotangulia kupotea. Ukifika mita 20 au 30, damu ya aliyekatwa na tumbawe huonekana kama kijani. Usilipite jambo hili haraka, lihoji. Bibi harusi wa huko anapambwa kwa rangi gani? Mtoto atajuaje kwamba kilichomtoka ni damu? Mimi niliifanya nyekundu kuwa rangi ya siri, wanaijua wale tu waliowahi kupanda juu.

Halafu sauti. Majini inakimbia kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani, na sikio la binadamu linashindwa kujua imetoka upande gani. Mbiu ikipigwa huko inatoka kila mahali. Kwa hiyo watu wangu wakitaka kusemana hawafungui mdomo: wanavaa kanga, na jina la kanga linamaliza maneno.

Wakaaji usiwatafute mbali. Nenda soko la Feri alfajiri, uliza majina, maana wavuvi wameshakutungia nusu ya hadithi. Kuna kiti cha pweza, yule kiumbe wa umbo la nyota. Kuna samaki pono, yule wa usingizi wa pono. Baadhi yao usiku hutoa ute mdomoni, wakajifunika nao kama chandarua, wakalala humo mpaka kuche. Hapo nilipata nyumba za mji wangu: zinafumwa magharibi, zinaachwa asubuhi, hakuna wa kumrithisha mwenzake ukuta. Nguva kila mtu anamkimbilia, lakini nguva wa kweli, anayechunga majani ya bahari kama ng'ombe, ananivutia kuliko yule mwenye nywele ndefu.

Kwa pweza nilikaa miezi. Mama yangu alichokoa pweza kwenye miamba ya Kigamboni mpaka magoti yalipomkatalia, na ndiye aliyenionyesha mlango: tundu, na mbele yake maganda ya kaa yaliyoliwa yakabaki meupe. Ukisimama bila kutikisika, mkono mmoja unatoka polepole, unapapasa mchanga, unalipata jiwe, unalivuta kuziba tundu. Mwenye mkono huo ana mioyo mitatu na damu ya buluu. Akitaga, anayatundika mayai kwenye dari la pango, anayapepea kwa maji safi, hali kitu, na yakishaanguliwa anakufa. Wanawe wanachukuliwa na mkondo.

Basi fikiri taifa ambalo hakuna hata mmoja aliyelelewa na mama yake. Nani anawapa majina? Kiswahili chenyewe kilinijibu. Mkunga ni mzalishaji, na mkunga ni yule samaki mrefu kama nyoka anayejificha miambani na kula pweza. Nikamweka huyo awe mlezi wao: aliyekula mama wadogo ndiye anayewafundisha watoto kufunga mlango. Sikuhitaji tena kutafuta adui wa hadithi. Nawe jaribu hivyo, shika neno moja lenye maana mbili, ulilazimishe liishi zote mbili kwa pamoja.

Kilichobaki ni kalenda, na hiyo mwachie mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu linakuja bamvua, na hapa kwetu maji hushuka zaidi ya mita 3. Maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu, ni siku za amani huko chini. Bamvua ni vita. Nenda ufukweni siku hiyo, kama saa nne, saa tano asubuhi, maji yamekupwa, wanawake wako mwambani na ndoo zao na vyuma vyao. Chuchumaa karibu na tundu moja. Litazame dari la mji linavyoondoka, halafu andika ukiwa ndani ya tundu, ukitazama nje. Mimi nilianza hivi:

"Mwanga uliingia kabla ya wakati wake. Mkunga akapita mlango hadi mlango, safari hii bila njaa, akiwaambia wadogo: vuteni mawe, wenye miguu wamefika."

Aliyekuwa juu ya dari, na chuma mkononi, alikuwa mama.