Kuhama Windows Server 2012 R2 kwenda 2022 bila kuua domeini ya ofisi

Jamani sapoti ya 2012 R2 iliisha Oktoba 2023, sasa msiapgredi juu kwa juu kwenye mashine ileile, chukua seva mpya weka 2022, iunge kwenye domeini (mtandao wa ofisi wenye akaunti za pamoja) halafu ipandishe iwe domeini kontrola (seva inayosimamia akaunti na logini za domeini). Ila kwanza piga bakapu, endesha dcdiag (amri ya kupima afya ya domeini kontrola), na cheki SYSVOL (folda ya sera na skripti ambayo domeini kontrola hunakiliana), kama bado inanakiliwa kwa FRS, ile njia ya zamani, ihamishie DFSR, njia mpya, la sivyo 2022 itagoma, mi hapo nilipoteza Jumamosi nzima.

Kisha hamisha zile roli 5 za FSMO (majukumu maalumu ambayo kila moja hushikwa na domeini kontrola moja tu), hakikisha kwa amri ya netdom query fsmo. DHCP (inayogawa IP kwa mashine) nayo ianze kugawa anwani ya seva mpya kama DNS (inayotafsiri majina kuwa IP); mashine zenye IP za mkono zibadilishe mwenyewe (printa husahaulika sana). Ya zamani izime siku mbili tatu, kukiwa kimya iwashe uishushe cheo (iache kuwa domeini kontrola), usiifomati tu hivihivi.